Darasa na Uwanja: Shule ya Serikali ya Tabora na Hatima ya Utemi

Tabora ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, kisha reli ikaifikia mwaka 1912. Hapo ndipo Waingereza, katika miaka ya 1920, walipofungua shule ya bweni kwa ajili ya wana wa machifu. Waliiga shule za wakwasi wa Uingereza: masomo, michezo, na viranja wa kusimamia nidhamu. Uwanja haukuwa wa burudani tu. Ulikusudiwa kumfunza mtawala wa kesho kutii kabla hajaamuru.

Mazao yake yalikuwa mengine. Julius Nyerere, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, aliingia shuleni hapo mwaka 1937 na kwenda Makerere mwaka 1943. Hakumbukwi kwa michezo bali kwa kupinga upendeleo waliopewa viranja, ingawa naye baadaye alifanywa kiranja. Abdallah Fundikira, aliyekuja kuwa mtemi wa Unyanyembe, alipitia shule hiyohiyo, na wakati wa uhuru wote wawili walikuwa mawaziri. Mwaka 1963 utemi ulifutwa kisheria. Rais wa nchi alikuwa mwana wa mtemi, aliyesomeshwa Tabora.