Marigoldi Nyeupe na Wakulima wa Bustani za Nyumbani Marekani

Marigoldi kubwa ya bustani, ambayo wataalamu wa mimea huiita Tagetes erecta, asili yake ni Meksiko, ambako Wanahua waliitumia katika ibada na tiba kabla ya Wahispania kuuteka mji wao wa Tenochtitlan mwaka 1521. Mbegu zake zilivushwa bahari hadi Ulaya katika karne hiyohiyo, na kwa kuwa wasomi wa huko walidhani ua hilo limetoka Afrika Kaskazini, jina la Kiafrika liliendelea kuliandama hata lilipokuwa pambo la kawaida la nyumba za Marekani.

Aliyeieneza zaidi nchini humo ni David Burpee, ambaye mwaka 1915 alirithi kampuni ya mbegu iliyoanzishwa na baba yake huko Philadelphia mwaka 1876. Kampuni hiyo iliuza mbegu kwa katalogi, yaani kitabu cha orodha ya bidhaa kilichopelekwa kwa posta, hivyo ilitegemea sana familia zilizolima matuta machache uani. Kwa kuwa wengi walichukizwa na harufu kali ya majani, mwaka 1937 ilitolewa aina ya Crown of Gold, ambayo majani yake hayakuwa na harufu hiyo.

Rangi ilikuwa kizuizi kigumu zaidi kwa waliotaka marigoldi nyeupe, kwani umanjano wa marigoldi hutokana na karotenoidi, kemikali zilizojaa katika petali zake, na weupe hupatikana pale tu zinapokaribia kutoweka. Mwaka 1954 Burpee aliahidi dola 10,000 kwa yeyote atakayemletea mbegu za marigoldi nyeupe kabisa, na maelfu ya watu wakaanza kujaribu.

Zawadi hiyo ilichukuliwa mwaka 1975 na Alice Vonk, mkazi wa mji mdogo wa Sully katika jimbo la Iowa, ambaye hakuwa mtaalamu wa maabara. Njia yake ilikuwa uteuzi wa mbegu: kila msimu alihifadhi mbegu za maua yaliyopauka kuliko mengine, akazipanda msimu uliofuata, akarudia kazi hiyo kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo, historia ya uzalishaji wa mimea itakuwa pungufu ikiwataja wenye makampuni na wanasayansi pekee, kwa maana subira ya wakulima wa nyumbani nayo ni elimu inayostahili heshima kamili.