Mto Peel

Mto Peel ni mto wa kaskazini magharibi mwa Kanada. Una urefu wa kilomita 580 hivi na ni tawimto la mto Mackenzie, ambao humwaga maji yake katika Bahari ya Beaufort, sehemu ya Bahari Aktiki. Beseni lake ni kati ya maeneo makubwa ya Amerika Kaskazini ambayo karibu hayana barabara wala miji.

Jiografia

Mto Peel huanza Yukon, mahali ambapo mito Ogilvie na Blackstone inakutana. Kwanza huelekea mashariki, kisha hupinda kuelekea kaskazini na kuingia Maeneo ya Kaskazini Magharibi, ambako huungana na Mackenzie penye mwanzo wa delta yake. Matawimto makuu ni Hart, Wind, Bonnet Plume na Snake. Yote manne hutoka upande wa kusini, katika milima ya Ogilvie, Wernecke na Mackenzie.

Sehemu ya beseni iliyoko Yukon ina eneo la takriban km² 67,000. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo huwa imeganda mwaka mzima chini ya tabaka jembamba la juu. Mto wenyewe hufunikwa na barafu kwa zaidi ya nusu ya mwaka.

Wakati wa enzi ya barafu iliyopita, barafuto kubwa lilitoka mashariki na kuziba njia ya mto. Maji yake yakageuka kuelekea magharibi hadi mto Porcupine, na kupitia huo yakafika mto Yukon. Barafu ilipoyeyuka, Peel ulirudi upande wa Mackenzie.

Watu na historia

Wenyeji wa bonde la chini ni Wagwich'in. Kijiji chao kikuu ni Fort McPherson, kinachoitwa Teetł'it Zheh kwa lugha yao. Hadi leo wengi huvua samaki mtoni na kuwakausha kwa moshi, tena huwinda kulungu wa kaskazini. Kundi la kulungu linaloitwa Porcupine, lililohesabiwa kuwa na wanyama zaidi ya 200,000 mwaka 2017, hutumia beseni hili wakati wa baridi.

Jina la Peel lilitolewa na mpelelezi John Franklin mwaka 1826 kwa heshima ya mwanasiasa Mwingereza Robert Peel. Mwaka 1840 Kampuni ya Hudson's Bay ilianzisha kituo cha biashara ya ngozi za manyoya kandokando ya mto.

Mnamo Desemba 1910 askari polisi wanne wakiongozwa na Francis Fitzgerald waliondoka Fort McPherson na magari ya theluji yaliyovutwa na mbwa, wakielekea Dawson. Walimruhusu kiongozi wao Mgwich'in arudi, wakakosa kijito walichopaswa kukifuata, na wote wanne wakafa walipojaribu kurudi. Aliyepata miili yao alikuwa koplo William Dempster. Barabara pekee inayovuka mto huu ina jina lake: magari huvuka kwa pantoni wakati wa kiangazi na juu ya barafu wakati wa baridi.

Hifadhi

Beseni lina chuma, makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mwaka 2011 tume ya mipango ilipendekeza asilimia 80 hivi ya sehemu ya Yukon ihifadhiwe. Mwaka 2014 serikali ya Yukon ilipitisha mpango wake yenyewe, uliofungua sehemu kubwa ya ardhi kwa uchimbaji wa madini. Mataifa ya wenyeji na vyama vya mazingira walikwenda mahakamani, na tarehe 1 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kanada ilifuta mpango huo kwa sababu serikali haikufuata utaratibu wa mkataba wake na wenyeji.

Mpango mpya ulitiwa saini mwaka 2019 na pande zote. Unahifadhi asilimia 83 ya eneo hilo, ingawa kwa sehemu yake hifadhi hiyo si ya kudumu, na itabidi ijadiliwe tena.