Kwenda Kisaki kwa gari la kulala: Tazama mvua za Uluguru kwanza

KWA mkazi wa Dar es Salaam anayewaza safari yake ya kwanza ndefu kwa gari la kulala, yaani gari lenye kitanda, jiko na tangi la maji, Milima ya Uluguru ni jirani mwenye kuvutia. Mji wa Morogoro, ulio chini yake, uko umbali wa kilomita 200 hivi, na barabara yote ni ya lami.

Ugumu huanza baada ya mji huo, hususan kwa anayekusudia kuizunguka milima upande wa mashariki hadi Kisaki, mpakani mwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wengi hupanga safari hiyo kwa kuhesabu kilomita, nazo si nyingi: kutoka Bigwa hadi Kisaki ni 130 na ushee. Kinachopaswa kuhesabiwa kwanza ni miezi.

Sababu yenyewe ni ya kijiografia. Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu kinapita mita 2,600, hupokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Miteremko ya mashariki hulowa kwa sehemu kubwa ya mwaka, ilhali ile ya magharibi hupata mvua chache zaidi. Mito inayozaliwa huko juu, ukiwamo Ruvu unaowapatia maji wakazi wa Dar es Salaam, huikata njia ya Kisaki kabla ya kufika kwenye tambarare. Kwa hiyo dereva aliye Mvuha chini ya jua kali anaweza kukuta kijito kimejaa kwa mvua iliyonyesha usiku mlimani, mahali asikokuona.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, si majira ya safari ya kwanza. Vuli nayo, tangu Oktoba hadi Desemba, haitabiriki. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo salama zaidi, na hata hapo ni busara kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa mkoa wa Morogoro, kisha kuwauliza madereva wa mabasi madogo na pikipiki wanaotoka huko siku hiyo hiyo. Neno la dereva aliyevuka asubuhi lina uzito kuliko ramani yoyote.

Wapo waliojifunza hayo kwa gharama kubwa. Mnamo Septemba 1916 majeshi ya Uingereza, yakiwamo ya Afrika Kusini, yaliwafukuza Wajerumani kuizunguka Uluguru hadi Kisaki. Yakakwama kandokando ya Mto Mgeta hadi Januari 1917, yakipungukiwa chakula, huku homa ikiwaangusha askari na mbung'o wakiua farasi. Mwindaji Frederick Selous aliuawa Beho Beho, kusini ya hapo, Januari 4, 1917, na kaburi lake liko ndani ya hifadhi.

Kuhusu gari, ukubwa hauna faida hapa. Nyumba ndefu ya magurudumu, kama zile za Marekani, itafika Morogoro na hata kukatiza Mikumi bila shida, lakini katika kona za Kiroka, Mkuyuni na Matombo itakuwa mzigo. Linalofaa ni gari la magurudumu manne yenye nguvu, lililoinuka kutoka ardhini, lenye kitanda ndani au hema juu ya paa. Ikumbukwe kwamba lita 60 za maji ni kilo 60; zikiwekwa juu ya paa, gari huyumba kwenye mteremko. Vitu vizito vikae chini, katikati ya ekseli.

Anayekodi asome mkataba hadi mwisho. Swali la kuuliza ni kama bima inafidia gari linapoharibika nje ya barabara ya lami au linapoingia maji. Jibu lililo kinyume ni afadhali lijulikane Dar es Salaam kuliko Dutumi. Kisha familia ilale humo usiku mmoja uani kwao: ndipo itakapobainika kwamba betri ya friji haifiki alfajiri, au kwamba mtoto mkubwa hatoshi kitandani.

Mafuta yajazwe Morogoro. Gari zito linalotumia lita 18 kwa kilomita 100 litahitaji karibu lita 50 kwenda Kisaki na kurudi, bila kuhesabu mizunguko ya pembeni. Magurudumu mawili ya akiba, jeki, pampu, kamba ya kuvutia, koleo na kipande kinene cha ubao cha kuwekea jeki kwenye tope visikosekane. Vyandarua ni vya lazima, kwa kuwa huko chini kuna malaria. Na nguo za buluu iliyokoza ziachwe nyumbani, kwani huwavuta mbung'o.

Usiku wa kwanza ulalwe Morogoro. Wanaotaka kupanda ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, watafute kibali mjini kabla ya kuanza kupanda. Siku ya pili waondoke mapema, wasiendeshe gizani. Si vyema kuegesha na kulala popote njia inapochosha. Mgeni hupiga hodi kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, akaonyeshwa mahali. Uwanja wa nyumba ya wageni au wa misheni hufaa zaidi. Karibu na Kisaki wanyamapori hutembea nje ya mipaka ya hifadhi, hivyo matunda yasiachwe ndani ya hema, kwani tembo hunusa machungwa kutoka mbali.

Kisaki ina stesheni ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na kwa mtazamo wa mwandishi hapo panatosha kuwa mwisho wa safari ya kwanza. Anayetaka kusonga mbele kupitia lango la Matambwe ajue kwamba anaingia katika hifadhi ya taifa, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019: kuna ada ya kila mtu na ya gari, na hazilipwi kwa fedha taslimu. Asiyejiandaa kwa hilo arudi kwa njia ile ile, akiwa ametenga siku moja ya ziada ya kusubiri mto upungue, na aondoke Kisaki asubuhi ili apite Mvuha na Matombo kabla ya mvua ya alasiri.