Jina la Mtawala wa Pujini

Leo nataka kusema juu ya herufi moja tu. Atokaye Chake Chake akaelekea kusini-mashariki hufika Pujini, palipo magofu ya ngome ya karne ya 15. Mwenye ngome hiyo vitabu vingine humwandika Mkama Ndume, vingine Mkame Ndume, na wengine huyaunganisha maneno yakawa Mkamandume. Jina lake la Kiislamu lasimuliwa kuwa ni Muhammad bin Abdulrahman.

Hitilafu hiyo si ajabu. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mara nyingi hawakutia alama za irabu, nazo zilipotiwa, alama moja ilitosha i na e, na nyingine u na o. Hata n iliyo mbele ya d iliachwa, msomaji akaijaza kwa akili yake. Kwa maandishi ya namna hiyo Mkama na Mkame huweza kuwa sura moja.

Lakini maana hazilingani hata kidogo. Kukama ni kutoa maziwa kwa kuminya chuchu. Mtendaji akitajwa pamoja na kitu atendacho, jina lake huishia kwa a, kama vile mla watu au mvunja nyumba. Basi Mkama Ndume ni mwenye kuwakamua wanaume. Ama irabu e mara nyingi humwonyesha aliyetendwa: mtume ni aliyetumwa, mshinde ni aliyeshindwa. Ukiandika Mkame, umemgeuza mkamuaji kuwa mkamuliwa! Tena kame ni kavu, isiyozaa.

Wapemba husimulia kwamba aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ngome vichwani huku wakijikokota kwa kitako. Habari hizi zaafikiana na a, wala haziafikiani na e. Wapo watakaokumbuka kuwa mfalme wa Bunyoro huitwa Omukama, wakasema neno ni lile lile. Kwangu mimi mfanano wa sauti pekee si ushahidi, na toka Bunyoro hata Pemba ni mbali.

Naandika Mkama, ila kwa hadhari: jina la namna hii mtu hajipi mwenyewe. Yamkini ni lakabu waliyompa wabeba mawe, nayo ikadumu kuliko lile alilopewa na babake.