Waya upi wa antena unafaa kwa redio ya chombo cha tanga?

Machi 2021, wapiganaji waliposhambulia mji wa Palma, simu zilikatika na maelfu ya watu wakakimbia, wengi wao kwa njia ya bahari kuelekea Pemba. Miaka miwili kabla, kimbunga Kenneth nacho kilikata umeme na simu katika baadhi ya wilaya za pwani ya Cabo Delgado. Minara ya nchi kavu inaponyamaza, njia nafuu ya chombo kuita msaada ni redio ya baharini ya VHF, kupitia chaneli ya 16, megahezi 156.8, ambayo hutumika kwa wito na dharura. Vyombo vingi vidogo vya tanga havina redio hiyo. Na hata ilipofungwa, mara nyingi udhaifu haumo ndani ya redio bali katika waya unaopanda kwenye antena.

Redio ya kawaida ya kufungwa chomboni hutoa wati 25. Nguvu hiyo haifiki yote juu, kwani kila mita ya waya hugeuza sehemu yake kuwa joto. Waya mwembamba wa RG-58, wenye unene wa milimita 5 hivi, ukiwa na urefu wa mita 15 hupoteza takriban nusu, na zikabaki wati 12 au 13. Kwa urefu huohuo, RG-8X hufikisha kiasi cha wati 15, na RG-213, mnene kama kidole, wati 18 hivi. Sauti inayopokelewa nayo hupungua kwa kiwango hichohicho.

Hata hivyo, unene si jambo la kwanza. Mawimbi ya VHF husafiri karibu kama macho yaonavyo, hivyo kimo cha antena ndicho kinachoamua umbali. Mashua mbili zenye antena kwenye kimo cha mita 2 zitasikilizana kwa kilomita 12 hivi. Zikipandishwa hadi mita 9, umbali hufika takriban 25. Palma na Pemba zimetengana kwa zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo anayeitwa ni chombo kilicho karibu, si bandari. Antena iliyo mlingotini kwa waya mwembamba ni bora kuliko iliyo tezini kwa waya wa bei kubwa.

Kwenye jahazi, ugumu ni foromali: chombo kinapobisha, tanga na kamba zake huzungushwa mlingotini na zinaweza kuing'oa antena. Ifungwe juu kabisa, ipite kapi ya henza, na waya ushikizwe upande usioguswa na kamba. Kwa safari hiyo ya mita 10 hadi 15, RG-8X inatosha. Nahodha asiyeweza kuitumia ncha ya mlingoti aweke nguzo tezini. Hapo waya wa mita 5 wa RG-58 hautamwibia nguvu nyingi.

Waya wa televisheni, unaopatikana kwa urahisi madukani, usitumike. Wake ni wa omu 75 ilhali redio huhitaji 50, na mara nyingi kiini chake ni chuma kilichopakwa shaba, ambacho hushika kutu upesi. Kinachotakiwa ni shaba ya nyuzi nyingi iliyopakwa bati.

Adui mkubwa kuliko yote ni maji ya chumvi. Yakiingia kwenye kiungo hunyonywa ndani ya nyuzi, na waya mnene huharibika sawa na mwembamba. Viungo vizungushiwe mkanda wa mpira unaojishika wenyewe, na waya uachwe uning'inie kidogo kabla ya kuingia chomboni ili matone yadondokee nje. Nyuzi zikionekana nyeusi au za kijani, waya ukatwe hadi shaba inayong'aa. Kama weusi hauishi, ubadilishwe wote. Wakati wa kazi hiyo kitufe cha kusemea kisibonyezwe, maana redio inayorusha bila antena inaweza kuungua.