Shimo la Werdna na Sisi wa Sugoi

Wasee, acha nianze na jina la kwetu kabla hamjanijazia komenti. Ndiyo, niko Sugoi. Ndiyo, ile ya Rais. Na ndiyo, najua kwamba kwa Kijapani "sugoi" ni neno la kushangilia, kama vile sisi husema "hiyo imeweza". Kila mtu anayetazama anime ameshanitumia huo mzaha, wengine mara mbili. Nimezoea. Ila juzi nikagundua kuna njia ya kweli kabisa inayotoka kwa gemu moja ya kompyuta ya mwaka 1981 hadi hiyo anime mnayoitazama usiku kwa bando la kuombaomba, na njia hiyo inapitia kwa mwanafunzi aliyesimamishwa chuo mwaka mzima kwa alama mbaya. Mnajua mimi na hadithi za watu walioachana na chuo. Siwezi kuipita hivi hivi.

Gemu yenyewe ni Wizardry. Jina lake refu ni Wizardry: Proving Grounds of the Mad Overlord. Ilitoka Septemba 1981 kwa kompyuta ya Apple II, ikauzwa na kampuni ya Sir-Tech ya mji mdogo wa Ogdensburg, jimbo la New York. Walioiandika ni vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Andrew Greenberg na Robert Woodhead. Stori ni fupi: mtawala kichaa anayeitwa Trebor ameibiwa hirizi na mchawi anayeitwa Werdna, na Werdna amejificha chini ya shimo la ghorofa kumi. Wewe unakusanya watu sita, unashuka, unaleta hirizi. Sasa soma hayo majina kutoka nyuma. Trebor ni Robert. Werdna ni Andrew. Yaani jamaa walijifanya kichaa na mwizi kwa gemu yao wenyewe, na hakuna aliyewazuia.

Haikuwa gemu ya kwanza ya mashimo, msinielewe vibaya. Kulikuwa na Temple of Apshai mwaka 1979, na Zork ilifika kompyuta za nyumbani mwaka 1980. Na kabla ya hizo zote kulikuwa na PLATO, mfumo wa Chuo Kikuu cha Illinois uliounganisha skrini nyingi kwa kompyuta moja kubwa. Ulitengenezwa ili watu wasome. Wanafunzi nao wakafanya kile wanafunzi hufanya, wakaficha gemu ndani. Moja ya zile za mwanzo, ya 1975, iliitwa pedit5, jina baya kuliko yote, kwa sababu mwandishi wake, Rusty Rutherford, aliiweka kwa nafasi ya faili iliyotengewa kikundi cha masuala ya idadi ya watu na nishati. Wasimamizi wakiipata wanaifuta. Inarudi. Wanaifuta tena. Kama umewahi kuficha GTA kwa kompyuta ya cyber ndani ya folda inayoitwa "Mitihani", hao ni ndugu zako.

Woodhead alikaa kwa PLATO mpaka alama zikaporomoka, Cornell ikamwambia akae nje mwaka mmoja. Greenberg alikuwa tayari ameanza gemu yake kwa lugha ya BASIC lakini ilikuwa inatambaa kama trekta kwa matope ya Aprili. Wakaungana, wakaiandika upya kwa Pascal. Lengo lilikuwa kuchukua ule utamu wa kompyuta ya chuo na kuuingiza kwa mashine ya nyumbani yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48. Kilobaiti! Picha ya "Asubuhi njema" ambayo shangazi hutuma kwa grupu ya familia ni kubwa kuliko hiyo.

Mimi naichezea kwa laptopu ya ex-UK yenye betri iliyokufa kitambo, ndani ya emuleta inayojifanya Apple II. Wenye doo wanaweza kununua ile iliyotengenezwa upya na Digital Eclipse, ilikamilika Mei 2024, na raha yake ni kwamba kwa kona moja unaona skrini ya zamani ikiendelea vilevile ilivyokuwa. Lakini hata ukitumia hiyo, kuanza ni kugumu, kwa hivyo nawaambia nilivyoumia mimi.

Kwanza unatengeneza watu. Kila mmoja ana kabila lake (binadamu, kibeti, wengineo), msimamo wake, na kazi yake: mpiganaji, mchawi, kuhani au mwizi. Usichanganye wema na wabaya, ngome haitawaruhusu kutoka pamoja. Watatu wa mbele tu ndio wanaopigana kwa mikono, kwa hivyo weka wapiganaji mbele, na nyuma weka kuhani, mwizi na mchawi. Halafu kusanya pesa zote kwa mtu mmoja, nenda duka la Boltac, nunua ngao na panga. Mchawi usimnunulie kitu cha maana, hatakuwa mbele.

Nilishuka mara ya kwanza kwa madaha. Skrini ni mistari tu, ukuta mweupe kwa giza, kama mtu amechora korido kwa rula. Hatua nne, mlango, teke, ndani kuna viumbe ambao hata hawajatajwa majina yao vizuri, na mchawi wangu ameanguka. Pigano moja! Nikajifunza kwamba mwanzoni unapigana mara moja, unarudi juu, unapumzika. Uchawi wenyewe unauandika kwa kibodi, herufi kwa herufi. HALITO ni moto mdogo. KATINO inalaza maadui. Kila anayeanza anapenda HALITO kwa sababu ni moto, na kila anayeanza anakosea. KATINO ndiyo itakuokoa, kwa sababu kikundi kizima kikilala unawakata mmoja mmoja kwa nafasi yako.

Na hii hapa ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Kwa nyumba ya wageni kuna vyumba vya bei tofauti, na ukilala chumbani wiki zinapita na watu wako wanazeeka. Lakini zizi la farasi ni bure. Ukilala zizini hauponi majeraha, ila uchawi unarudi. Kwa hivyo unamlaza kuhani zizini, anaamka na maombi mapya, anaponya wengine kwa DIOS, analala tena. Gemu nzima ya mashujaa inaendeshwa na kuhani anayelala na ng'ombe. Nilipomwambia gogo akacheka sana, akasema hapa kwetu hilo halijawahi kuwa jambo la ajabu. Na ana haki. Tembea vilima vya Uasin Gishu utaona yale mabonde ya duara kwenye nyasi tunayoyaita mashimo ya Sirikwa. Watoto tulikuwa tunaambiana kwamba watu waliishi humo chini. Wanaakiolojia, John Sutton akiwemo miaka ya sitini, walionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya mifugo, na nyumba zilishikamana pembeni. Shimo la kwetu halikuwa la mazimwi. Lilikuwa la kulinda ng'ombe.

Turudi. Ramani hupewi. Kila ghorofa ni miraba 20 kwa 20, ghorofa kumi, yaani miraba 4,000, na ukitembea ukafika ukingo unajikuta umetokea upande wa pili bila kuambiwa. Mwaka 1981 watu walichora kwa karatasi za grafu. Mimi nilinunua kitabu cha skwea, kile cha hesabu cha primari, nikampa binamu yangu wa darasa la nane penseli. Mimi natembea, yeye anachora. "Bro, umegeuka wapi?" "Kushoto." "Kushoto yako ama ya hao watu?" Tulibishana jioni nzima. Kuna uchawi wa DUMAPIC unaokuambia uko miraba mingapi mashariki na mingapi kaskazini, na yule kijana, ambaye mwalimu wake analalamika kwamba hajui kusoma majira ya nukta, alianza kuuita kabla mimi sijakumbuka. Mnaweza kupata ramani zote kwa intaneti. Nawaomba msifanye hivyo kwa ghorofa ya kwanza, angalau.

Kufa ndiko kunakotenganisha watu. Ukimbeba maiti hadi hekalu la Cant unalipa, wanajaribu kumfufua, na wanaweza kushindwa. Wakishindwa anakuwa majivu. Unalipa zaidi. Wakishindwa tena, amepotea, jina linafutwa. Na wote sita wakifia chini, miili inabaki pale pale walipoanguka. Inabidi utengeneze kikosi kingine cha washamba, uwakuze, uwatume wakalete miili ya wenzao. Diski inaandika kila kitu papo hapo. Wajanja wa 1981 walitengeneza nakala ya diski. Wajanja wa leo tuna kitufe cha kuhifadhi kwa emuleta.

Sasa mama. Mama aliingia siku moja akakuta tunabishana juu ya ukuta, akauliza kwa upole, na huo upole ndio mbaya, "Hii ndiyo uliachia chuo?" Nikamwambia habari ya Woodhead. Nilikuwa nimeitayarisha kama video: kijana aliyekataliwa na chuo akatengeneza gemu iliyobadilisha dunia. Mama akauliza swali moja tu. "Huyo mtoto alikuwa anakula kwa nani?"

Nikaenda kusoma tena. Mama yake Woodhead alikuwa na biashara pamoja na baba wa kina Sirotek, na ni kutoka kwa huo uhusiano ndipo Sir-Tech ikazaliwa. Yaani kampuni, mtaji na watu wa kuuza vilikuwa mezani kwao tayari. Na Apple II ilipotoka mwaka 1977, ile yenye kumbukumbu ndogo kabisa iliuzwa dola 1,298. Mwaka huo wa 1981 ambao Wizardry ilitoka, hapa kwetu hata Moi University haikuwepo, ilianzishwa 1984. Babu yangu alikuwa anapanda mahindi na stima ilikuwa kitu cha mjini. Nyaya za baharini za intaneti zilitufikia Mombasa mwaka 2009. Kwa hivyo mnaponiandikia "usijali, hata Zuckerberg aliacha", nawasikia, asanteni, lakini mimi sikuacha chuo kwa sababu nilikuwa na wazo. Niliacha mwaka wa pili kwa sababu karo iliisha. Woodhead alisimamishwa na akawa na mahali pa kuangukia. Hizo ni hadithi mbili tofauti na nimechoka kuona zikiuzwa kama moja, mara nyingi na watu wanaokuuzia kozi.

Sisemi jamaa hakuwa mkali. Alikuwa mkali sana. Nasema hekalu lake lilikuwa na pesa za kumfufua.

Haya, Japani, kabla nisahau nilichoahidi. Wizardry ilifika huko katikati ya miaka ya themanini na Wajapani wakaichukua kwa uzito ambao hata Wamarekani hawakuwa nao. Yuji Horii aliicheza, akaicheza na Ultima, kisha akatengeneza Dragon Quest, iliyotoka Mei 1986, na kutoka hapo ndipo zikamwagika zile gemu zote za mashujaa na viwango na majini. Sir-Tech yenyewe ilikufa, lakini Japani waliendelea kutengeneza Wizardry mpya. Mwandishi wa Dungeon Meshi, Ryoko Kui, ni mtu wa Wizardry. Ile anime ya Netflix ya 2024 ambapo wanapika mazimwi, lile kundi linaloshuka ghorofa kwa ghorofa wakitafuta mwili wa mwenzao ili wamfufue, ni kanuni ya Werdna moja kwa moja. Na Woodhead? Alivutwa na Japani mwenyewe, na mwaka 1988 alikuwa mmoja wa walioanzisha AnimEigo, kampuni iliyowatafsiria Wamarekani anime. Huyo ni mmoja wa watu waliofanya neno "sugoi" lisambae mpaka nyinyi mkalijua mkaanza kunisumbua nalo.

Greenberg aligeuka wakili. Alifariki Agosti 2024, mwezi ule ule Eldoret ilipopewa hadhi ya jiji na sisi huku tulikuwa barabarani tunapiga picha.

Kikosi changu cha kwanza kiko ghorofa ya nne. Wote sita. Nilipitiliza, nilikuwa nautaka ule utepe wa bluu unaofungua lifti ya kwenda ghorofa ya tisa. Nilikuwa na nakala ya usiku uliotangulia, kidole kilikuwa tayari kwa kitufe. Binamu akanikatalia. Alikuwa amewachora kwa kitabu, mraba kamili walipoangukia, akaandika majina sita pembeni kwa penseli nyekundu. Akasema tutawafuata kwa miguu.

Tuna kikosi kipya sasa, bado wanalala zizini. Tuko ghorofa ya pili.