Southgate: Stesheni ya Watu wa Kawaida Iliyopewa Hadhi ya Urithi

Abiria anayeshuka Southgate, kitongoji cha kaskazini mwa London, hupanda ngazi za umeme zilizopambwa kwa safu ya taa ndefu za shaba. Juu anapokewa na ukumbi wa mviringo. Nguzo moja tu, iliyosimama katikati, imebeba paa la zege, na mwanga wa mchana unaingia kupitia mkanda wa madirisha uliozunguka ukuta mzima. Stesheni hii ya reli ya chini ya ardhi ilifunguliwa Machi 13, 1933, na hadi leo iko kazini.

Imetokana na kilio cha wasafiri. Tangu 1906 treni za Piccadilly, njia ambayo leo hupita Southgate, ziliishia Finsbury Park. Waliokuwa wakienda mbele zaidi walilazimika kushuka hapo na kugombania mabasi na tramu, na malalamiko yao yalidumu miaka mingi. Fedha zilipatikana uchumi ulipozorota: sheria ya 1929 iliiruhusu serikali kudhamini mikopo ya miradi mikubwa ili wasio na kazi waajiriwe. Njia hiyo ikarefushwa: ilifika Arnos Grove Septemba 1932, na Cockfosters Julai 1933. Kati ya vituo hivyo viwili treni huvuka bonde la Arnos Park juu ya daraja la matao, kisha huingia ndani ya kilima cha Southgate. Ndiyo maana jukwaa lake liko chini ya ardhi, ilhali stesheni jirani ziko juu.

Kazi ya usanifu alipewa Charles Holden. Mwaka 1930 yeye na Frank Pick, kiongozi wa shirika la reli hiyo, walizuru Ujerumani, Uholanzi, Denmark na Sweden kutazama majengo mapya. Waliporudi, Holden alijenga kwa matofali, kioo na zege, bila nakshi za kujionyesha. Hata hivyo Southgate aliiongezea pambo moja kileleni: taa za duara zilizopangwa ngazi kwa ngazi, na juu yake tufe. Nyuma ya ukumbi alizungusha jengo la maduka lililopinda, ili anayetoka kwenye treni apate basi lake hatua chache tu. Aliyeshika hesabu ya hatua za abiria namna hiyo alimheshimu abiria.

Jengo liliingizwa katika orodha ya urithi wa taifa mwaka 1971, na mwaka 2009 likapandishwa hadi daraja la pili lenye nyota, linalotolewa kwa majengo yenye umuhimu wa pekee. Watu wa mpira watakumbuka Julai 2018, baada ya Kombe la Dunia la Urusi, mabango yake yalipobadilishwa kwa siku mbili kusomeka “Gareth Southgate”, kwa heshima ya aliyekuwa kocha wa England wakati huo.

Tumezoea kudhani urithi ni kasri, ngome au makaburi ya wakubwa. Southgate inatufundisha vingine. Ilijengwa nyakati za dhiki, kwa ajili ya makarani, mafundi na wanafunzi, na bado ikapewa uzuri uliostahili kasri. Sheria inailinda isiharibiwe, lakini haikuifunga iwe makumbusho. Mali ya umma iliyojengwa kwa heshima hivyo inastahili kutunzwa kwa heshima ileile, huku ikiendelea kuwatumikia wenyewe.